Aliyetetemeka

Wakoli hana haya wala hajui vibaya. Tangu saa nne asubuhi alikuwa ameng'ang'ania maikrofoni ya matanga, akimwita marehemu "simba wetu."

Simba! Phelista, mama mzazi wa marehemu, alimtazama shemeji yake huyo akatamani kumtemea mate. Si ni yeye aliyemwita Derrick mwanamke kwa miaka kumi na tatu? Kosa la kijana lilikuwa kutahiriwa kwa daktari kule Kitale, badala ya kusimama hapa Naitiri, uwanjani, akatwe mbele ya watu bila kutetemeka wala kupepesa jicho, kama mila inavyotaka. Hata Derrick alipohitimu kuwa luteni, Wakoli aliuliza kama siku hizi jeshi linaajiri waoga. Leo jeneza limefunikwa bendera, mbunge ameketi hemani, basi damu imekuwa nzito kuliko maji. Kizee kinafiki!

Phelista alitaka jambo moja tu: hawa waliomdharau mwanawe wasikie ukweli wa kifo chake kabla hajafukiwa. Barua ya jeshi ilisema "kishujaa," basi. Aliyeujua ukweli ni Koplo Gicheru, aliyefika kutoka Kitale asubuhi hiyo akitembea kwa magongo.

Wakoli alimwinamia koplo, na Phelista akasikia kila neno. "Bana, sema hakutetemeka. Ati alikufa akicheka. Si unajua mila yetu?"

Gicheru alipokea maikrofoni, akamgeukia Phelista.

"Mama, gari yetu ilikanyaga bomu huko Somalia. Tukabaki barabarani, risasi zinakuja tu. Luteni alikuwa nyuma ya ukuta, hana hata mkwaruzo. Akatoka, akambeba Kipchirchir. Akarudi, akanibeba mimi. Nikamshika mkono nikamwambia, 'Afande, inatosha.' Mama, alikuwa anatetemeka mwili mzima. Meno zinagongana. Akaniambia, 'Naogopa, Gicheru. Lakini Muturi bado ananiita.' Akaenda. Hiyo ya tatu hakurudi."

Minong'ono ikazagaa hemani. Alitetemeka! Wazee walitazamana kana kwamba koplo amemvua marehemu nguo. Wakoli akainyakua maikrofoni upesi.

"Koplo amechoka na safari, jameni. Damu yetu haitetemeki. Huyu kijana..."

"Keti, shemeji," Phelista alisema.

Alikuwa amesimama kando ya jeneza. Hakuhitaji maikrofoni, hasira ilimtosha.

"Mwanangu alitetemeka. Ameshasema aliyebebwa naye, na mimi nimeamini. Alitetemeka na akaenda, mara tatu. Wewe siku ya kisu ulisimama imara kama mti, sote tumechoka kusikia. Haya, tuambie: tangu siku hiyo umeenda wapi? Umembeba nani?"

Mbunge alianza kuchunguza viatu vyake. Wakoli aligeuka kutafuta pa kuketi. Benchi la wazee lilikuwa na nafasi tele, lakini hakuna aliyesogea ili apite.