Magamba ya Jumapili

Mjukuu wangu Nabalayo alikuwa na chunusi tangu kidato cha pili, za kawaida tu, tatu kwenye paji la uso na mbili kidevuni. Alipopata kazi ya kupakia biskuti katika kiwanda kimoja karibu na mtaa wa Lucky Summer, akaona aibu nazo. Akanunua mafuta sokoni Kariobangi, kopo dogo lisilo na jina. Wiki ya kwanza uso uling'aa kama sufuria mpya. Ilipofika ya nne, ngozi ilikuwa nyekundu, nyembamba kama ganda la kitunguu, inatoa maji. Hata maji ya bomba yalimchoma.

Pale kiwandani msimamizi, Nzau, hukagua kila anayeingia: kucha, nywele, mikono, uso. Mwenye kidonda hakaribii chakula. Akamwambia, "Dada, nenda upone. Nakushikia nafasi wiki tatu. Zikiisha, Jumatatu uje na uso mzima, ama naandika mwingine."

Kazi ile ndiyo iliyotulisha. Magoti yangu yaliacha kunipeleka kuuza mboga tangu mwaka juzi.

Nikampeleka zahanati. Daktari Mativo alimtazama muda mrefu bila kumgusa. "Mama, ngozi ina ukuta wake," akasema. "Huu umebomolewa. Chunusi tutazitibu baadaye, kwanza ukuta ujijenge." Asioshe kwa sabuni, ila maji ya vuguvugu asubuhi na jioni. Asisugue. Ajipake mafuta mazito ya mgando yasiyo na harufu, kidogo, ngozi ikiwa bado na unyevu. "Atatoka magamba. Msiyabandue, yataanguka yenyewe."

"Muda gani?" Nabalayo akauliza.

"Wiki sita. Pengine nane."

"Mimi nina tatu."

Daktari alichukua kalamu akaandika barua ya kusema ugonjwa huo hauambukizi.

Subira naijua. Kule kwetu Bungoma nimesiriba nyumba kwa udongo na samadi tangu niolewe. Mama mkwe wangu alikuwa akikaa mlangoni na kijiti, anafukuza hata kuku, mpaka sakafu ikauke. Ukifagia mapema, unaondoka na sakafu kwenye ufagio. Nikamwambia Nabalayo, uso wako ni sakafu mbichi, na mimi ndimi mwenye kijiti.

Nilichukua fulana ya marehemu babu yake, ile iliyolainika kwa kufuliwa, nikaikata vipande vinne. Kila asubuhi nilimkalisha kwenye stuli karibu na dirisha, bakuli la bluu mapajani, nikampapasa uso polepole.

"Kukhu," akaniambia, kama kwetu tunavyomwita bibi, "umenifanya mtoto mchanga. Bado kunibeba mgongoni."

"Ningekubeba, ila hiyo miguu ingeburuta mpaka Kariobangi."

Akacheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo, maana mwingine ulikuwa umekakamaa. Kwenye bomba wasichana walimwita, "Niaje, Nabalayo! Uliangukia jiko?" Akaacha kwenda. Maji nikachota mimi.

Jumapili ya tatu tulipotoka kanisani, uso ulikuwa umeacha kutoa maji na wekundu umepungua. Yalibaki magamba, mashavuni na kidevuni, kama unga uliokaukia kwenye kibao cha chapati. Koti lake jeupe la kazi lilikuwa limepigwa pasi, linaning'inia kwenye msumari. Nabalayo akashika kioo.

"Nzau ataona ukurutu, Kukhu. Ni kesho."

Hofu ilinishika hapo. Nikapasha maji, nikachukua dodoki langu la kusugulia visigino, nikalilowesha mpaka likalainika.

"Kukhu, daktari alisema..."

"Daktari hamjui Nzau. Kaa hapa."

Gamba la kwanza lilitoka vizuri, la pili pia. Nikaendelea mpaka kidevuni. Kwa muda wa kuchemsha chai uso ulikuwa laini kama wa mtoto. Kisha vikaanza kutokea vitone vya maji, kimoja, viwili, halafu shavu zima.

Asubuhi nilifuatana naye mpaka getini, barua mkononi. Nzau aliisoma yote, hakufanya haraka.

"Mama, nimeelewa haiambukizi. Lakini mkaguzi akipita haoni barua, anaona uso." Akamgeukia Nabalayo. "Wiki tatu nilikushikia, dada. Nipe koti."

Nabalayo akalivua, akalikunja mikono ndani, akampa. Nzau akalikunjua papo hapo, akampa msichana aliyekuwa akingoja kando ya geti.

Nabalayo hakulia. Machozi yangemchoma.

Nyumbani nilipasha maji, nikaweka stuli dirishani, nikachukua kipande cha fulana. Akaninyang'anya, si kwa ukali.

"Lete, Kukhu. Nitajiosha mwenyewe."

Akageuza stuli, akanipa mgongo. Mimi nikakaa kitandani, mikono nimeikalia, nikisikia maji yakidondoka kwenye bakuli.