Koti Limehudhuria

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, naibu mkuu wa shule alivua koti lake la kijivu, akalitundika kwenye mgongo wa kiti katika chumba cha kompyuta, akatia sahihi za siku zote tatu za mafunzo kwa mpigo mmoja, akanywa chai, akaondoka. Ndivyo alivyofanya kazi miaka kumi na minne. Mtu akimtafuta huambiwa, "Yupo, si unaona koti?" na mtu huyo, kwa adabu zake, hukaa akasubiri.

Walimu wengine ishirini na wawili nao walisaini, wakanywa chai, wakakumbuka misiba. Sijui ni koo gani hizo zinazofiwa kila panapotangazwa mafunzo. Kufikia saa nne chumbani alibaki mkufunzi, kompyuta arobaini zilizokuwa bado ndani ya nailoni zake, na koti.

Mkufunzi alikuwa mtu wa ratiba. Akaanza somo. Alipouliza kama kuna swali, koti lilinyoosha mkono wa kushoto, ule uliong'oka kifungo, naye akalijibu. Siku ya pili koti lilivua nailoni kwenye kompyuta moja bila kumwomba mtu ruhusa. Hakuna mwalimu aliyewahi kuthubutu, maana mkuu wa shule alishasema nailoni zitatolewa na mgeni rasmi, na mgeni rasmi alikuwa anatafutwa tangu mwaka juzi. Siku ya tatu koti lilikuwa linaandika barua na kupanga alama kwenye jedwali. Mkufunzi alisema hajapata mwanafunzi msikivu hivyo, akatoa cheti kimoja. Aliandika jina la mwenye koti, kwa sababu ndilo lililokuwa kwenye karatasi ya mahudhurio.

Ufunguo wa chumba ulikuwa mfukoni mwa koti. Jumatatu iliyofuata lilifungua mlango, likawaita kidato cha nne.

Watoto hao walikuwa na wiki saba tu kabla ya mtihani wa vitendo wa kompyuta, na hakuna aliyekuwa amegusa kompyuta hata kwa bahati mbaya. Walifundishwa ubaoni. Binti wa mpishi wa shule alikuwa na daftari safi lililoandikwa, "Kipanya ni kifaa kidogo chenye mkia." Akakigeuza kipanya alichopewa huku na huku. Vipanya vya shule ile havikuwa na waya.

"Mwalimu," aliliambia koti, "hiki changu kimekatika mkia."

Koti halikucheka. Lilimshika mkono, likamwonyesha. Binti huyo alitaka kwenda chuo cha utunzaji wa kumbukumbu za wagonjwa, na chuo hakichukui mtu asiye na alama ya vitendo. Wiki ya nne alikuwa anaandika kwa vidole vyote kumi bila kutazama chini. Mama yake aliposikia alitoka jikoni na sindano na uzi, akalishonea koti kifungo.

"Umechakaa, mwalimu wangu," alisema. "Hawa watu hawakutunzi kabisa."

Wiki ya tano cheti kilizaa matunda. Naibu aliteuliwa kuwa mratibu wa mafunzo ya kompyuta kwa shule zote za wilaya, akaja kuchukua koti lake. Alilikuta linafundisha. Darasa likasimama, naye akaitikia kwa kichwa, akidhani wamemsimamia yeye. Mpishi alikuja mbio, mikono bado ina maji.

"Mwalimu, nakuomba. Wiki mbili tu. Liache koti watoto wafanye mtihani."

"Mama, jamani! Na mimi nivae nini ofisini?"

"Basi tuachie ufunguo."

"Ufunguo nilikabidhiwa kwa maandishi. Makabidhiano yanataka kikao."

Mkono wa koti ulijaribu kuingia mfukoni kuutoa ufunguo, lakini naibu alishalivaa; mkono wake ulikuwa ndani ya ule wa koti, nao ulikuwa unawapungia watu kwaheri.

Kikao hakikukaa. Siku ya mtihani mlango ulikuwa umefungwa, na mkuu wa shule alikataa usivunjwe kwa kuwa ni mali ya umma. Watahiniwa thelathini na mmoja walisimama barazani saa tatu nzima, kalamu mkononi. Msimamizi wa mtihani alisoma mwongozo wake: asiyekaa mbele ya kompyuta hakuhudhuria. Akaandika hivyo mbele ya kila jina.

"Lakini nipo hapa," binti wa mpishi alimwambia.

"Nakuona, mwanangu," alisema msimamizi. "Ila hukuhudhuria."

Matokeo yalipotoka, mpishi alikunja karatasi ya mwanawe akaenda nayo ofisi ya wilaya. Ilikuwa Alhamisi, na rufaa zilikuwa zinafungwa kesho yake saa tisa. Mhudumu alimfungulia chumba cha mratibu. "Yupo, mama. Si unaona koti?"

Koti lilimvutia kiti. Liliisoma karatasi mara mbili, likageukia kompyuta, likaandika barua ya rufaa ya ukurasa mmoja, haina kosa hata la nukta, kwa niaba ya watoto wote thelathini na mmoja. Likaichapa, likaiweka mezani, na kalamu juu yake. Lilijua kila kitu siku hizi. Kusaini tu ndiyo halikuweza, maana sahihi ilikuwa ya mwenyewe, na ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya.

Mpishi alikaa hadi jioni. Ijumaa alirudi asubuhi na mapema, akakaa tena kwenye kiti kilekile. Koti lilikuwa limeinamia barua, kifungo chake bado kimeshika vizuri.

Saa tisa mhudumu alikuja kufunga madirisha.

"Njoo Jumatatu, mama," alisema. "Hawezi kuwa mbali. Koti si hilo hapo?"

"Naliona," alisema mpishi, akamshukuru.