Omba Kilicho Garini

Walipobomoa vibanda vya soko la zamani hapa Mubi, walituambia soko jipya litajengwa upesi. Tingatinga likasawazisha udongo, likaondoka, na kiwanja kikabaki kitupu kama sahani ya mlafi. Mimi nina duka ng'ambo ya barabara. Sisi watu wa Butembo tunauza misumari na sabuni hata dunia ikibomolewa, kwa hiyo sikupoteza kitu. Aliyeumia ni Mama Consolée.

Mama Consolée alishuka kutoka Masisi, kwa watu wa mlimani wanaolima maharage, na maharage yake yalikuwa na sifa hadi kwenye migodi ya Bisie. Malewa yake, yaani kibanda cha chakula na mabenchi yake mawili, yalikuwa katikati ya kile kiwanja, pale pale malori yanaposimama. Baada ya kubomolewa alihamia nyuma ya kanisa, mahali ambapo hakuna dereva anayepaona. Akawa anapika sufuria moja, na nusu yake wanakula wanawe. Alitaka kitu kimoja tu: arudi kiwanjani kupika mpaka hilo soko lije.

Basi habari ikafika kwamba shirika linakuja kuuliza wananchi kiwanja kitumiwe vipi kwa muda. Kuulizwa! Huku kwetu kuulizwa ni mtihani, na jibu huwa tayari garini. Mtaa wa juu waliwahi kuomba daraja. Wageni wakaandika, wakapiga picha, wakaenda zao. Mtaa wa chini walichungulia gari kwanza, wakaona vyandarua, wakaomba vyandarua, na usiku uleule walilala ndani yake. Tangu hapo hakuna mwenye akili Mubi anayetaja haja yake kabla ya kujua mgeni amebeba nini. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini kwanza mwenyeji achungulie.

Kazi ya kuchungulia ni ya Papa Kasika, shefu wa avenyu yetu, yaani mkuu wa mtaa. Wageni walipokuwa wakisalimiana na wazee, yeye aliinua turubai nyuma ya gari lao, akarudi kwetu akitembea kwa maringo. Vyoo, akasema. Vibao vya plastiki vya vyoo, vimepangwa vizuri.

Tulikusanyika nyuma ya duka langu. Mama Consolée akasema yeye hataki choo, anataka kupika. Kasika akamweleza kwa upole kwamba ukiomba wasichonacho wataondoka, na kiwanja kitaota majani. Ukipokea walicholeta watafurahi, na aliyefurahi huombwa mara ya pili. Tena wageni hupenda mama ndiye aseme, kwa hiyo aseme yeye. Sote tukaona ni busara tupu.

Mkutano uliongozwa na binti mmoja aitwaye Kétsia, mpole kweli, aliyerudia kutuambia kwamba hakuna jibu baya. Tulimhurumia. Mama Consolée akasimama, na sijawahi kusikia mtu akiomba choo kwa uchungu vile. Alitaja watoto, mvua, heshima ya mwanamke. Machozi yalimtoka, na naamini yalikuwa ya kweli, ila hayakuwa ya choo. Mikono yote ikanyoshwa. Kétsia aliandika huku akijipangusa macho.

Mkutano ulipokwisha, Kasika alikwenda moja kwa moja kwenye gari kupakua. Dereva akamzuia, na Kétsia akaja mbio.

"Papa, ile iko ya masomo ya Omate, ya batoto ba shule," akasema. "Hapa tulikuya mikono mitupu. Tulikuwa tunauliza tu."

Mama Consolée akamsogelea. "Na kama ningesema kupika?"

"Kupika? Ungeanza kesho, Mama. Kiwanja iko tayari." Kisha akamshika mkono. "Lakini usiogope. Vile umesema, ile vyoo nitaitafuta miye mwenyewe."

Mdomo huponza kichwa. Mama Consolée alitaka kusema neno, nilimwona, lakini mtu aliyelilia choo mbele ya mtaa mzima hawezi kugeuka papo hapo akaomba jiko. Akashukuru.

Na kati ya mashirika yote yaliyopita barabara hii, hili ndilo lililotimiza ahadi. Masika hayajaisha, vyoo vikaja, milango ya bluu, katikati kabisa ya kiwanja. Watu wa afya wakakataza chakula kuuzwa karibu, na hapo walikuwa na haki. Ulinzi wa vyoo akapewa Mama Consolée, kwa sababu hakuna aliyevitetea kama yeye. Anakaa pale na ndoo ya maji na kopo la jivu. Malori bado yanasimama, madereva bado wanamsalimia, wanaingia na kutoka. Mimi nakula mkate mkavu dukani, na nina hasira.

Juzi Kétsia alirudi kuona kazi yake. Alizunguka, akapiga picha, akafurahi kwa moyo wote. Ilikuwa saa ya mchana na alikuwa ametoka mbali, akamuuliza Mama Consolée ni wapi anaweza kupata chakula kizuri.

Mama Consolée aliweka ndoo chini.

"Chakula ilikuwa hapa," akamjibu. "Hapa fasi umesimama, njo hapa nilikuwa naweka sahani."

Binti alitazama chini, akasogeza miguu yake.