Saa Mia Tatu za Uongo

Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, ni mtu wa kufuata kanuni mpaka anaudhi. Kazini tunamwita Mama Kanuni. Mimi ndiye fundi mkuu wa projekta katika jumba letu la sinema, na mimi ndiye niliyemfundisha kazi, kwa hiyo kero hiyo nimejitafutia mwenyewe.

Taa ya projekta si kama ya sebuleni. Ni chupa ya kioo kigumu iliyoshindiliwa gesi, na hata ikiwa baridi inaweza kupasuka. Ikichakaa ndiyo hatari zaidi. Kwa hiyo mashine huhesabu saa ilizowaka, na zikifika elfu mbili hulia kila inapowashwa. Chumbani kwetu niliweka sheria: taa iliyochakaa, usifungue kisanduku chake bila koti zito, glavu na ngao ya uso. Taa iliyo chini ya saa mia tano, kama unapangusa vumbi tu, miwani ya kinga inatosha. Hakuna kitabu kinachosema hivyo. Nilisema mimi, kwa sababu lile koti lina joto la kuua mtu.

Wiki tano zilizopita saa zilitimia elfu mbili, na taa mpya ilikuwa haijafika. Mlio ukanichosha. Nikabonyeza kihesabu kirudi sifuri, kana kwamba nimeshabadilisha. Funika kombe mwanaharamu apite. Taa mpya ilipofika nikaiweka kabatini, nikashughulika na mengine. Sikumwambia mtu.

Jumamosi, onyesho la saa nne asubuhi, picha ikaanza kutetemeka. Lilipokwisha, meneja akapanda ngazi akihema.

"Jamani, la saa nane limejaa. Shule tatu zinakuja. Mnafanyaje?"

Mama Kanuni akasoma kihesabu, akaacha feni zipoze taa, kisha akakata umeme.

"Saa mia tatu na kumi na mbili," alisema. "Taa bado changa hii. Itakuwa vumbi kwenye kioo cha nyuma kinachoakisi mwanga. Napangusa tu, shemeji, dakika kumi."

Akavaa miwani. Akachukua kitambaa na bisibisi.

Nilisimama pale, meneja ubavuni kwangu. Nikajiambia labda haitapasuka, nyingi hazipasuki. Naona aibu kulisema hili, lakini nilifikiria kwanza heshima yangu, ndipo nikafikiria macho yake. Alikuwa ameshafungua skrubu mbili.

"Acha," nikasema.

"Kuna nini?"

"Hiyo taa imechakaa. Ina zaidi ya saa elfu mbili na mia tatu. Kihesabu nilikirudisha mimi."

Shemeji aliweka bisibisi chini polepole, akarudi nyuma hatua mbili. Kisha akaenda ukutani, akatungua koti, glavu na ngao, akanirundikia mikononi.

"Itoe wewe."

Wakatoka wote wawili, nikafunga mlango. Niliogopa, tena sana. Nilifungua kisanduku, nikalegeza kishikio cha nyuma, na nilipogusa cha mbele taa ikapasuka. Mshindo sikuusikia vizuri. Nilihisi kifua kikipigwa na ngao ikinigonga pua. Nikajikuta nimekaa sakafuni. Vipande vilikuwa kila mahali, na kile kioo cha nyuma kilikuwa hakifai tena, kwa hiyo hata taa mpya ya kabatini isingesaidia. Onyesho la saa nane likafa, na maonyesho ya jioni pia.

Mwilini sikuwa na hata mkwaruzo. Shemeji aliingia, akanivua glavu. Meneja alikuwa ameshashuka kuwaambia walimu warudi na wanafunzi wao. Shemeji akaichukua ngao, akaigeuza kwenye mwanga. Kipande kimoja kilikuwa kimejikita kwenye plastiki, usawa wa jicho la kushoto.

"Shemeji," aliniuliza, wala hakupandisha sauti, "kama ningekuwa mimi, mdogo wako ungemwambia nini?"

Uongo wa wiki tano ulikuwa umenitosha.

"Ningemwambia ulikosea wewe."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua, akaenda kuleta ufagio.