Keria ya Mama Mkwe

Rotich aliuza baiskeli kuukuu nyuma ya soko la Kitale, na alikuwa na tabia iliyowachosha wateja: hakuuzii baiskeli mpaka umweleze utakavyoiendesha. Watu walimwona msumbufu. Wengine waliondoka wakitukana. Yeye alisema baiskeli ni kama viatu, ukivaa vya mtu mwingine utachechemea tu.

Siku moja ya mwaka wa 1992 alisimama mbele yake mtu ambaye hakuwa na nguvu za kujibu maswali. Wekoye alikuwa amemaliza ujana wake wote akilima mahindi ya wenyewe huko Trans-Nzoia. Mwaka uliotangulia alimzika mkewe, Agneta. Sasa alikuwa anarudi kwao Kibabii, karibu na mji wa Bungoma, akiwa na godoro na uchovu ambao kulala hakukuuondoa.

"Hii ya gia itakupandisha mlima bila shida," Rotich akasema. "Ile ya usukani wa kuinama ni ya vijana wa mbio. Na hii nyeusi ni nzito, lakini itabeba chochote. Sasa niambie mzee, wewe unaendesha aje?"

"Mimi nataka baiskeri ya keria lefu."

"Refu namna gani?"

Wekoye akatanua mikono. Rotich akaangua kicheko. "Ati unabeba jeneza?"

"Nabeba mama mkwe."

"Kwani ni mnene hivyo, bana?"

"Ni mwembamba sana. Lakini nambeba yeye na nafasi."

Rotich, ambaye alikuwa Mkalenjin, alihitaji kuelezwa. Kwa Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawagusani. Hawapeani mkono, hawaketi karibu, na wakikutana njiani mmoja huachia mwenzake njia. Hiyo ndiyo heshima, na mtu mzima haichezei. Sasa mwambie mtu huyo ampakie mama mkwe kwenye baiskeli, mama amshike kiuno, magoti yamguse! Afadhali umwambie atembee uchi sokoni.

Na mama huyo alilazimika kubebwa. Aliitwa Nasimiyu, aliishi Myanga, na mguu wake ulikuwa na kidonda cha sukari kilichotakiwa kusafishwa hospitali ya Bungoma kila Jumanne. Mtoto wake alikuwa Agneta peke yake. Vijana wa boda boda za baiskeli walimchukua mara chache, kisha wakaanza kulikwepa lango lake kwa sababu kidonda kilikuwa kinanuka. Bila kusafishwa mguu ungekatwa. Alibaki Wekoye.

Rotich akaacha kucheka. Akaichagua ile nyeusi, akampeleka kwa fundi wa kuchomelea, na keria, kile kiti cha mizigo cha nyuma, ikaongezwa urefu pamoja na chuma cha kushikilia. Kabla ya kuagana alimwonya. "Sikiza mzee. Uzito ukikaa nyuma hivyo, kwa mlima gurudumu la mbele litainuka. Itabidi ushuke usukume."

"Nitasukuma."

"Kila mlima?"

"Si nimesema nitasukuma."

Akasukuma kweli. Jumanne ilipofika alikwenda Myanga, akasimamisha baiskeli na kugeuza uso pembeni mama akipanda. Katikati yao alifunga gunia la maganda ya mahindi, lililoshiba hadi likawa ukuta. Njia ikiwa tambarare aliendesha. Ikianza kuinuka kidogo tu, usukani ulikuwa mwepesi mikononi kama wa kuchezea, akashuka, akaulalia kwa kifua na kusukuma. Watu walimcheka. Magoti yalimuuma hadi Alhamisi, na Ijumaa alianza kuiogopa Jumanne nyingine. Usidhani alikuwa mtakatifu. Kuna milima alimlaani kila mtu, Agneta akiwemo, kwa kufa na kumwachia kazi hii.

Hawakuongea. Mama akitaka kusimama alisema na gunia, "Mwenye baiskeli apumzike." Wekoye naye alilijibu gunia hilohilo.

Mvua za Aprili zilipokwisha kuharibu barabara, walikuwa wanarudi kutoka hospitali, mama amedungwa sindano iliyomlegeza. Kwenye mlima wa kuelekea Myanga Wekoye alichelewa kushuka. Alikuwa amechoka, basi. Gurudumu la mbele likainuka, chuma kikamponyoka mama, na baiskeli ikayumba hadi kando ya mtaro. Aliisimamisha kwa kukita miguu yote miwili chini. Nyuma alisikia mama akihema.

"Ondoa hili gunia," mama akasema. Safari hii hakusema na gunia.

"Haiwezekani. Ni heshima."

"Heshima ya nani? Nikianguka hapa nitakuwa nimeheshimiwa?"

Maneno yakamtoka Wekoye yenyewe. "Nikikugusa, basi wewe si mama mkwe tena. Na kama wewe si mama mkwe, basi Agneta hakuwa wangu. Heshima hii tu ndiyo imebaki."

Aliona aibu kusema hayo kando ya barabara, watu wakipita na ndizi.

"Agneta alitoka tumboni mwangu," mama akasema. "Hiyo hakuna mtu anaweza kutoa. Lakini wewe utakufa kwa huu mlima, na mimi sina mtu mwingine. Umekuwa mtoto wangu, hata kama hutaki. Ondoa gunia."

Wekoye alifungua kamba. Kwa sababu hakujua aliweke wapi gunia lenyewe, alilifunga nyuma ya mama ili limwegemeze. Mama alijisogeza mbele hadi karibu na kiti. Gurudumu la mbele likatulia chini.

Akapanda. Akakanyaga, akingoja usukani uwe mwepesi, na haukuwa. Baiskeli ilipanda mlima polepole kama mzee, lakini ilipanda, na yeye akiwa juu yake. Hakuwa amefika kileleni akiwa ameketi tangu ainunue.

Mama alimshika kiuno. Agneta alikuwa akishika hapohapo, walipokuwa vijana wakienda kanisani. Wekoye alilia waziwazi, na kwa kuwa alikuwa mbele hakujisumbua kujifuta.

"Shika vizuri, mama," akasema.