Ngano ya Waliochomwa

Ijumaa jioni, kuamkia Jumamosi ya Wafu, Evanthia alikuwa jikoni akichambua ngano, miwani imemteremka puani, redio ikitangaza mpira. Mumewe Stamatis akaingia kwa mlango wa uani, akakung'uta udongo viatuni, akaketi kwenye kiti chake. Alikuwa amekufa miaka minane iliyopita. Evanthia alimwekea kahawa bila sukari, maana alikufa na kisukari chake.

"Mgongo vipi?"

"Vilevile. Wamenikunja kwenye boksi la bati kama shati la safari."

Makaburi ya mji wao, Volos, yamejaa. Mtu hulazwa miaka mitatu, kisha hufukuliwa, mifupa ikaoshwa kwa divai na kutiwa sandukuni. Stamatis alikuwa mwoka mikate, mzito wa kila jambo. Walipomfukua hakuwa amemaliza kuoza. Binti yao Zambeta alisimama pale akaona yote, na tangu siku hiyo hagusi nyama. Ndiyo maana Evanthia alikuwa akiuwaza moto.

"Sitaki mwanangu asimame tena juu ya shimo," alisema. "Afadhali nikifa nichomwe. Ila naogopa nisije nikakupoteza."

"Mke wangu, nimekaa mbele ya tanuri maisha yangu yote. Moto hauna kinyongo. Lakini muulize aliyeingia motoni, si aliyeuota tu."

Wakamwita Mwalimu Themelis, jirani yao aliyechomwa mwaka uliotangulia. Alipenya kwenye tundu la ufunguo, mwembamba, msafi, akinukia kuni za mzeituni, akashika ukingo wa meza ili upepo usimchukue.

"Mwalimu, inauma?"

"Wala! Hata goti limepona. Jana nilifika Krete, nikatazama harusi ya watu nisiowajua. Bibi harusi alikuwa mzuri, bwana harusi tusimseme." Akacheka. Kisha akaitazama sufuria ya ngano, akameza mate. "Shida ni njaa tu."

Kila Jumamosi ya Wafu watu hupeleka ngano tamu kanisani, padri akasoma majina ya marehemu. Aliyesomwa hula akashiba. Asiyesomwa hubaki mlangoni, akinusa.

Padri Akakios alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kukusanya majina. Alipoingia, alimsalimu Evanthia, akampa pole Stamatis kwa mgongo wake, kisha akamgeukia Mwalimu.

"Umekonda, Mwalimu."

"Nisome basi. Si mimi niliyekufundisha kusoma? Ulikuwa huijui alfa wala beta, kamasi mpaka kidevuni!"

Padri akainama. "Nimefungwa mikono. Kanisa haliwaombei waliochagua moto." Akaenda kufunga dirisha, asije Mwalimu akapeperuka.

"Na mimi je?" aliuliza Evanthia. "Nikichomwa?"

"Na wewe, mama. Sitakusomea hata mstari mmoja." Alisema kwa huzuni ya kweli, akachukua biskuti mbili, akaondoka.

Evanthia alikoroga sufuria mpaka ngano ikaiva. Moyo ulikuwa umemuuma, lakini njaa ya mgeni ilimuuma zaidi. Alipakua ngano, akamwaga zabibu na komamanga juu yake, akasimama katikati ya jikoni na kupaza sauti kama anayeita kuku:

"Themelis!"

Mwalimu akala sahani tatu. Alipomaliza alikuwa na uzito wa kutosha kuiachia meza, na mashavu yamemjaa.

"Basi yamekwisha," Evanthia alimwambia Stamatis. "Tutasomana wenyewe. Zambeta!" akaita chumbani. "Nimeamua moto. Na uje hapa nikufundishe kupika ngano, maana wewe hata chai unaunguza!"

"Nimekusikia, mama," alijibu Zambeta, na wote jikoni wakasikia alivyoshusha pumzi.

Evanthia alifariki kwenye msimu wa kuvuna zaituni, akachomwa kama alivyotaka. Hakuna aliyesimama juu ya shimo.

Ijumaa ya kuamkia Jumamosi ya Wafu iliyofuata, Zambeta alipika ngano, akayaita majina mawili kwa sauti ya kuita kuku. Mwalimu aliwahi. Evanthia alikuja na mumewe, amemng'ang'ania ukosi asipeperuke, anacheka kama msichana, na la kwanza alilosema ni kwamba sukari imezidi.

Padri Akakios naye alipita. Alimsalimu kila mmoja, akala sahani mbili, akaisifu ngano, akapangusa ndevu. Asubuhi yake, kanisani, alisoma majina ya wafu wote wa mtaa ule, akaruka mawili.