Oveni Isiyojua Salamu Ndefu

Jana usiku niliota nimechelewa. Treni ya Kigoma ilikuwa imeshang'oka stesheni ya Tabora, na meno yangu yote yalikuwa ndani, daraja la tatu, yamekaa kwa mpangilio uleule wa mdomoni: ya juu yametazamana na ya chini. Mimi nakimbia pembeni ya behewa na fizi tupu.

Dirishani alikaa Chonge, yule wa juu kulia. Nikamuuliza wanakwenda wapi bila hata kuaga.

"Taji limepata ufa tena," akasema. "Sisi hatuwezi kukaa kwenye nchi ambayo taji lake linapasuka kila mara."

Nieleze hapa, maana asiyejua atadhani nilikuwa mfalme. Jino langu la mbele lilivunjika, likabaki kisiki. Daktari wa meno pale Tabora akakichonga kile kisiki vizuri, akaagiza taji kwa fundi. Taji la jino ni kofia ndogo tu: ndani chuma, nje kauri nyeupe, vinaokwa kwenye oveni mpaka vishikane. La kwanza lilipasuka kabla sijalivaa. La pili nalo vilevile. Daktari akasema la tatu likipasuka ataking'oa kisiki, na mimi nizoee pengo. Haya yalitokea nikiwa macho.

Na pengo nilikuwa silitaki kwa sababu moja. Urambo kuna mjane anaitwa Bi Nyanzala, anauza asali, ingawa ulimi wake hauna hata tone la hiyo asali. Nimetembea nchi hii tangu ujana. Nimekata mkonge, nimechimba chumvi, nimepika kwenye meli, na sijawahi kutamani kukaa mahali mpaka siku niliyokula kwake. Nilimpelekea habari kwamba Jumamosi nitakuja na jambo. Akanirudishia jibu kwa mdomo wa mtu: "Mwambieni akija na pengo apite tu, barabara inaendelea mpaka Kaliua."

Jumamosi yenyewe ni leo.

Basi nikamuuliza Chonge kama hakuna namna. Akageuka, akashauriana na magego. Kumbe huko Kigoma kuna mdomo unapangishwa, ufizi mzuri, maji ya ziwa karibu, na walikuwa wameshaahidiwa. Lakini kwa kuwa tumekaa pamoja muda mrefu, walikubali kitu kimoja: taji likiwa zima kabla treni haijavuka daraja la Malagarasi, watashuka. Ikishavuka, wamehama.

"Na kisiki?" nikauliza.

"Kisiki hakina tiketi," akasema Chonge, akafunga dirisha.

Nageuka, na jukwaa la stesheni ni maabara ya meno. Sikuona ajabu. Fundi Nyamizi, yuleyule anayenitengenezea taji, amekaa mezani kwake, miwani juu ya paji la uso, mkononi brashi yenye nywele chache kuliko za kichwa changu.

"Karibu babu Shija, kaa," akasema. "Kesi yako imeshaanza. Usiongee sana, huna meno."

Taji langu lilikuwa juu ya meza, lakini halikuwa kitu kimoja. Lilikuwa mtu na mkewe. Bwana Chuma, mfupi, wa kijivu, amekunja mikono. Bi Kauri, mweupe, amemkumbatia kwa nje mwili mzima kama kazi yao inavyotaka, ila uso ameugeuzia pembeni. Begani ana ufa.

Fundi alinieleza msimamo wa kesi. Kupasuka mara ya kwanza kumehesabiwa talaka moja, mara ya pili talaka ya pili. Ufa huu ukifika chini ni ya tatu, na hapo Bi Kauri hawezi kumrudia Chuma huyu mpaka kwanza aolewe na kikombe cha bati, waachane, akae eda, ndipo. Hakuna treni itakayosubiri eda.

Nikauliza kosa ni la nani.

"Tunatazama palipovunjika," akasema Fundi. "Pale hapadanganyi."

Kanuni yao ni hivi. Kauri ikibanduka na kuacha chuma uchi, basi hawa hawakuwahi kushikana: pengine chuma kiliguswa na kidole chenye mafuta, pengine kilichomwa kupita kiasi kikaota kutu nene. Lakini kauri ikivunjika na chuma kikabaki na ile rangi nyeupe ya kwanza inayopakwa chini kabisa, ambayo pale maabara wanaiita fulana, basi ndoa ilishika. Tatizo litafutwe kwa kauri.

Bwana Chuma akaambiwa avue koti. Akasema mbele ya wageni havui. Fundi akamwambia asimsumbue, amemjua tangu akiwa umbo la nta, kabla hajamiminwa chuma. Akavua. Ndani alikuwa na fulana nyeupe, imemkaa sawasawa, haina hata tundu.

"Mimi sijamwacha," akasema. "Mara zote mbili nilibaki na fulana yake."

Bi Kauri akaanza kulia. Machozi yake yalikuwa unga. Fundi hakumbembeleza, aliendelea kupima. Alishika viwiko vya mume kuona kama vina ncha, maana chuma chenye kona kali humchoma kauri kwa ndani mpaka apasuke; vilikuwa mviringo. Akatazama kama kuna mahali mke ananing'inia hewani bila chuma nyuma yake; hapakuwapo. Akanigeukia mimi, akataka kujua kama nimewahi kumtafunia mfupa wa mbuzi.

"Huyo hata mdomoni kwake sijafika," akasema Bi Kauri. "Mimi napasuka nikitoka kuokwa. Mume wangu akipoa anasinyaa, na mimi nikipoa nasinyaa. Tukienda mwendo mmoja hakuna neno. Lakini kuna kitu kinatupoza kwa kutushtukiza, kila mtu anakimbia kivyake, na anayechanika ni mimi."

Sote tukaitazama oveni.

Oveni ilikuwa pembeni, ndogo kama redio ya zamani, tumbo jekundu. Ililetwa kutoka Dar es Salaam. Ilikaa sana dukani Kariakoo kabla ya kupata mnunuzi, na malezi ya kule hayajaitoka.

"Mnanitazama nini nyie Wanyamwezi?" ikasema. "Mtani wenu nimewakosea nini? Mkiniletea udongo naoka, mkiniletea matope naoka."

Fundi akasema mtani au si mtani, maswali itajibu. Kabla hajauliza la kwanza, mama mmoja muuza maandazi aliyekuwa anapita jukwaani na ndoo yake akachungulia mlangoni, akaisalimu kama wanavyoisalimu wote.

"Mambo?"

"Poa," ikasema oveni.

Na ikapoa. Palepale. Mlango wake ukafunguka pwa, wekundu ukaitoka tumboni, upepo baridi ukapita mezani. Ufa wa Bi Kauri ukalia ti, ukashuka mpaka kiunoni.

Mama wa maandazi akaenda zake. Fundi Nyamizi akavua miwani, akaivaa, akaivua.

"Na mimi naisalimu hivyo hivyo," akasema. "Kila nikipita. Babu, tumekagua chuma, tumekagua unga wa kauri, tumekagua mpaka maji ya kukorogea. Kumbe ni salamu."

Oveni ikajitetea. Ilisema mtu akikuambia mambo, adabu ni kumjibu, na jibu inalolijua ni hilo moja. Na yenyewe si mnafiki. Ikisema poa, inapoa.

Hapo moyo ulinipanda mpaka kwenye fizi. Nikasimama. Nikamwomba Fundi azibe ufa, awarudishe wote wawili ndani, na mtu yeyote atakayepita mlangoni asifungue kinywa. Oveni nitaisalimu mimi.

Fundi akajaza ufa kwa unga uliolowa, akaugongagonga maji yapande, akayafyonza kwa kitambaa. Wakaingia wameshikana mikono. Oveni ikawaka mpaka ikawa nyeupe. Kwa mbali nikasikia treni inapiga honi Kaliua.

"Mwangaluka," nikaiambia oveni.

Ni salamu ya Kinyamwezi. Hiyo haikuwa nayo. Fundi akainong'oneza ijibu mhola, yaani salama.

"Mhola," ikasema, polepole, inaonja neno kama mtu anayeonja uyoga asioujua. Na joto lake likashuka kidogo, kidogo sana, kama mzee anayeshuka ngazi.

Nikaendelea. Habari za nyumbani. Ikasema nzuri. Za watoto. Haina watoto, ila nzuri. Habari za mvua, za mazao, za afya. Kila jibu, ngazi moja. Shule nilisoma vipande vipande, huku darasa hili, kule darasa lile, lakini salamu nimesoma zote, maana mtu anayelala kwa watu hana karo nyingine. Nikaiulizia Kariakoo. Nikaiulizia mwenye duka, na kama mguu wake umepona. Ikasema unaendelea vizuri, na kwamba hakuna mtu Tabora nzima aliyewahi kuiuliza habari za ule mguu. Weupe ukawa njano. Njano ikawa rangi ya chungwa.

Nikaanza kuulizia mahali nilipopita. Habari za Mpanda? Wazima. Sikonge? Wanaendelea. Korogwe? Wanakusalimu. Oveni ilikuwa imenogewa, inajibu kwa heshima zote, na chungwa ikawa nyekundu ya kaa la moto.

Treni ikapiga honi Nguruka. Fundi akachungulia kwenye kioo, akanionyesha kwa kiganja: bado, bado. Na mimi habari zinaniishia. Nimeshaulizia mpaka paka wa dukani.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Nyanzala. Hapohapo maabara ikawa ua wake wa Urambo. Oveni imekaa juu ya mafiga, mizinga imepangwa ukutani, Fundi bado ana brashi yake. Bi Nyanzala amevaa kitenge kipya na mikono ameiweka kiunoni.

"Mimi nimekaa nakusubiri," akasema, "na wewe umekaa unasalimiana na bati."

Nikaona nimekwisha. Nikimgeukia, oveni nitakuwa nimeikatisha katikati, na itamalizia kwa neno lake la Kariakoo. Nisipomgeukia, barabara inaendelea mpaka Kaliua.

Sikumgeukia. Nikaikazia oveni macho.

"Habari za Bi Nyanzala?" nikaiuliza.

Oveni ikasita. "Mwenyewe si huyo hapo? Muulize."

"Mtu hajiposei mwenyewe," nikasema. "Wewe ndiye mshenga."

Oveni haikuwahi kupewa cheo chochote tangu iundwe. Ikajiweka sawa juu ya mafiga. Ikamwambia Bi Nyanzala, kwa sauti ya mtu mzima, kwamba mzee Shija anamuulizia hali. Bi Nyanzala akatazama oveni, akanitazama mimi, akasema hali njema. Oveni ikaniletea: njema. Ngazi moja. Ikamuuliza kama asali ya msimu huu imepatikana. Imepatikana. Ikamuuliza kama nyumbani kuna nafasi.

Bi Nyanzala akashusha mikono kutoka kiunoni. Akakaa chini, kwenye mkeka.

"Mwambie nafasi ipo," akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. "Lakini muulize yeye ni mtu wa kukaa au ni mtu wa kupita."

Oveni ikanigeukia. "Unaulizwa, wa kukaa au wa kupita?"

Nchi nzima niliyotembea hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Treni iko Malagarasi. Nasikia magurudumu ya mbele yanagusa vyuma vya daraja. Fundi amesimama na koleo. Ninafikiri, na ninavyofikiri hakuna anayesema neno, na oveni inapoa yenyewe, taratibu, kwa kuwa hakuna anayeiharakisha.

"Wa kukaa," nikasema.

"Anasema wa kukaa," ikasema oveni, na ikawa vuguvugu.

Fundi akaifungua kwa mkono mtupu. Akatoa taji, akaligonga kwa koleo, likalia kama kikombe kizima. Ufa hakuna. Bi Kauri amelala kifuani kwa Bwana Chuma, wamesinyaa mwendo mmoja, na Bwana Chuma akauliza kama tunaweza kuwafungia mlango kidogo.

Ndipo nikasikia breki. Meno yalikuwa yanarudi mbio juu ya reli, yanapigana vikumbo, kila moja linataka kuwahi. Nikapanua mdomo.

"Ingieni tu," nikayaambia, "mtapangana ndani."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nikazungusha ulimi. Yote yapo. Lakini gego langu lililozibwa kule Mpanda, ambalo limekuwa upande wa kushoto tangu siku lilipozibwa, lilikuwa kulia.

Yaliyowapata wote ni haya. Fundi Nyamizi alinipigia simu asubuhi kusema taji la tatu limetoka zima. Jana alilisahau kwenye oveni, akafunga maabara akaenda nyumbani. Nilipokwenda kulichukua nilimwambia asiwe anaisalimu oveni kwa mkato. Alicheka sana, lakini nilipokuwa natoka nilimsikia anaiuliza habari za Kariakoo. Daktari aliligandisha taji kabla ya mchana. Kuhusu gego, alisema nimesahau upande. Bwana Chuma na Bi Kauri wamo mdomoni mwangu na hawajasema kitu. Mama wa maandazi simjui. Oveni iko mezani pake.

Nilipofika Urambo, Bi Nyanzala aliniambia nicheke. Nikacheka, akatazama, akasema, "Haya." Ndoa itakuwa wakirudi ndugu zake kutoka shamba. Jioni hii kaka yake aliniuliza naondoka lini. Nimemwambia siondoki.